Mhasibu anataka klaudi, kijana wa nyumbani anataka seva: hesabu za maduka yangu niziweke wapi?

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama mfanyabiashara wa Kahama. Nina duka la vifaa vya ujenzi: saruji, nondo, mabati, rangi, misumari na vitu vya mabomba. Nilianza na fremu moja, na tangu mwaka jana nina tawi Geita ambalo analisimamia mdogo wangu wa kike. Jumla tuko watu saba. Nimesajiliwa VAT, mashine za EFD za kutolea risiti za kodi zipo pande zote mbili, na wateja wengi siku hizi wanalipa kwa Lipa Namba.

Mpaka leo hesabu zangu ziko kwenye kauntabuku. Kila jioni mdogo wangu anapiga picha kurasa za siku hiyo, ananitumia WhatsApp, nami namkusanyia mhasibu anayekuja mara moja kwa mwezi kuandaa ritani. Kwa duka moja mpango huu ulinitosha. Kwa mawili umenishinda. Juzi mkandarasi mmoja alikuja kulipa deni. Daftari la Kahama linasema anadaiwa milioni 3 na laki 4, la Geita linasema milioni 1 na laki 9, na yeye ana ujumbe kwenye simu yake unaoonyesha kuna hela alituma ambayo haipo kwenye daftari lolote. Tulikaa naye mpaka saa mbili usiku. Alilipa alichokubali, akaondoka amenuna, na sijui kama atarudi.

Basi nimeamua kununua programu ya uhasibu, na hapo ndipo nyumba imegawanyika. Mhasibu anataka programu ya klaudi, yaani inayokaa kwenye mashine za kampuni yake na kufunguliwa kwa intaneti, ambayo anaitumia kwa wateja wake wengine. Inalipiwa kila mwezi kwa dola, na amesema atanifungulia yeye mwenyewe. Mtoto wa shemeji yangu, ambaye amemaliza diploma ya kompyuta na anakaa kwetu akitafuta kazi, anasema huko ni kutupa hela. Anataka aniwekee programu iitwayo ERPNext bure kwenye kompyuta iliyoko stoo, hiyo iwe seva yetu, yaani mashine inayotunza hesabu za maduka yote, na Geita waingie kwa intaneti. Anasema hesabu zikikaa nje ya nchi, siku nikishindwa kulipa nitafungiwa. Mhasibu naye anasema umeme wa kukatika utaiua hiyo kompyuta mapema. Mume wangu anaelekea upande wa kijana, maana ni wa nyumbani.

Mimi naogopa mambo matatu: mtandao kukatika wateja wakiwa kaunta, watu wa kodi wa TRA kuja kuomba kumbukumbu nisiwe nazo, na kubaki mikononi mwa mtu mmoja. Nishauri kama ndugu yako.

Mama Nondo, Kahama

*

Marahaba, dada yangu. Barua yako imenifurahisha kwa sababu umeiweka hofu ya tatu pamoja na zile mbili, wakati wengi hawaifikirii kabisa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo inayobeba mzigo wote. Angalia ulichoandika: mhasibu atakufungulia akaunti yeye mwenyewe, maana yake itafunguliwa kwa barua pepe yake na namba yake ya simu. Kijana ataweka seva yeye mwenyewe, maana yake nenosiri kuu litakuwa kichwani mwake. Hao wawili wanabishana kuhusu mahali pa kuweka hesabu, lakini kila mmoja anakuweka mikononi mwake, na sidhani kama kuna hata mmoja mwenye nia mbaya. Kwa hiyo programu yoyote utakayoonyeshwa, uliza kwanza: siku mtu huyu asipokuwepo, nani atazifungua hesabu zangu, na kwa muda gani?

Nikupe jibu langu kabla ya sababu. Kwa maduka mawili yaliyo miji tofauti, na bila fundi uliyemwajiri, chukua klaudi. Ila akaunti iwe yako, na kila mwezi nakala ya hesabu zako itoke huko ije kukaa mkononi mwako. Seva ya stoo usiianze sasa.

Kinachoamua ni Geita. Ungekuwa na duka moja ningekuambia habari nyingine: programu inayokaa kwenye kompyuta moja tu ingekutosha, na usingehitaji intaneti hata kidogo. GnuCash ni ya bure. Manager ina toleo la bure la kompyuta. TallyPrime ni ya leseni, na wahasibu wengi wa nchi hii wanaifahamu vizuri. Lakini ukishakuwa na sehemu mbili zinazouza kwa wakati mmoja na kukopesha wateja walewale, lazima ziandike mahali pamoja. Sasa fikiri mahali hapo pakiwa ni stoo yako. Umeme ukikatika Kahama, Geita nao wamesimama, hata kama kwao taa zinawaka. Njia ya intaneti ya Kahama ikisumbua, Geita hawaoni kitu. Utakuwa umeifanya Geita ibebe matatizo ya miji miwili. Kwenye klaudi kila duka linapata shida zake tu, na mdogo wako akikosa umeme anaweza kuendelea kwa simu na bando.

Simkatai kijana wako. ERPNext ni programu ya kweli, imetengenezwa na kampuni ya Frappe ya India, na ina uhasibu, stoo, manunuzi na mauzo ndani yake. Hakudanganyi anaposema ni bure. Ila kilicho bure ni leseni. Kazi yake si ya bure. ERPNext inakaa juu ya Linux, ambao ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, na hifadhidata ya MariaDB, inataka kusasishwa, inataka mtu wa kuziba mianya ya usalama, na ili Geita waingie kutoka nje lazima ufungue mlango kwenye intaneti yako. Ukishaufungua, wanaopita kuujaribu ni watu na mashine za dunia nzima. Laini nyingi za kawaida za intaneti pia hazina anwani ya IP ya kudumu, yaani namba isiyobadilika ambayo Geita wangeitumia kuipata seva, kwa hiyo atahitaji njia ya kuzunguka. Yote hayo yanawezekana, na kijana mwenye bidii anayaweza. Swali ni nani atayafanya mwaka kesho, yeye akiwa ameshapata kazi Dar au Dodoma, kama tunavyomuombea.

Na hiyo stoo. Dada yangu, umesema unauza saruji. Vumbi lake ni laini, linaingia kwenye feni ya kompyuta na kwenye vipande vya kupoozea prosesa. Likikutana na unyevu wa masika linashika na kuwa ganda la kijivu ambalo hata brashi hailitoi. Feni inaanza kupiga kelele, kisha inazunguka kwa tabu, kisha mashine inapata joto na kujizima katikati ya kazi. Ongeza umeme unaokatika wakati hifadhidata inaandika, na hapo faili linaweza kuharibika hata kama kompyuta yenyewe itawaka tena. UPS, kile kifaa chenye betri ya akiba, itakupa dakika za kuizima vizuri, si saa za kazi, na betri yake nayo inachoka. Ukitaka seva, iwe kwenye chumba kisicho na mzigo, iwe na UPS, na iwe na diski ya nakala inayokaa nyumba nyingine. Hilo la mwisho wengi wanaliruka. ERPNext inatengeneza nakala, lakini nakala hizo zinakaa kwenye mashine ileile mpaka mtu azielekeze kwingine. Mwizi akiibeba mashine, amebeba hesabu na nakala zake.

Kuna njia ya katikati ambayo kijana huenda hajakutajia: ERPNext hiyohiyo inaweza kukaa kwenye seva ya kukodi, au kwa Frappe wenyewe kupitia huduma yao ya Frappe Cloud. Hapo vumbi na umeme vinaondoka. Ukifika siku una matawi manne na mtu wa kompyuta anayelipwa mshahara, rudi kwenye wazo lake. Litakuwa zuri.

Sasa hofu ya mtandao. Mteja akiwa kaunta, risiti yake inatoka kwenye EFD. Haitoki kwenye programu ya uhasibu. Programu ikilala, unaendelea kuuza na kutoa risiti kama kawaida. Weka kitabu kimoja cha dharura chenye kurasa zilizopigwa namba, kila duka na chake. Andika humo mauzo ya mkopo na mzigo uliotoka, na mtandao ukirudi yaingizwe siku hiyohiyo, kisha kila mstari utiwe alama. Laini za kampuni mbili tofauti kwenye kila duka zitakuvusha kwenye matatizo ya kila siku.

Yapo makubwa ambayo laini mbili haziyamalizi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilifungwa nchini kwa siku kadhaa. Siku kama hizo klaudi haifunguki, na nakuambia hivyo wazi. Lakini pia tazama: siku ileile intaneti ilipofungwa, Geita wasingeweza kuingia kwenye seva yako ya Kahama. Wewe ungeona hesabu zako, wao wasingeandika. Seva ya stoo ingekusaidia nusu, kwa siku chache, na ungeilipia mwaka mzima.

TRA. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inakutaka utunze kumbukumbu zako kwa miaka mitano. Hapa kijana ana hoja ya msingi, na mhasibu asiipuuze: ukiacha kulipia programu ya klaudi, kampuni nyingi zinakuachia uone bila kuandika kwa muda fulani, kisha zinafunga. Muda huo mara nyingi ni mfupi kuliko miaka mitano. Kwa hiyo usiifanye programu iwe kabati lako pekee. Kila mwezi, baada ya mhasibu kuwasilisha ritani ya VAT, ambayo mwisho wake ni tarehe 20, apakue leja kuu yote, urari, orodha ya wadaiwa na wadai, thamani ya mzigo stoo, na nakala za ankara za manunuzi. Apakue kwa Excel na kwa PDF. Viwekwe kwenye diski mbili za nje, moja ikae kwako nyumbani na nyingine kwa mdogo wako Geita. Kazi yenyewe haimalizi saa moja, na usimlipe mhasibu ya mwezi huo mpaka diski yako iwe na faili hizo na umezifungua ukaziona.

Na siku hiyohiyo alinganishe vitu vitatu: jumla ya ripoti za Z, zile za mauzo ya siku, za EFD zote mbili, mauzo yaliyomo kwenye programu, na taarifa ya Lipa Namba pamoja na benki. Usitarajie programu hizi za nje zivute zenyewe miamala ya benki zetu au ya simu. Mara nyingi utapakia faili la taarifa mwenyewe, au utaandika kwa mkono. Ile hela ya mkandarasi iliyokosekana kwenye madaftari yote ilipotelea hapo, kwenye muamala wa simu ambao hakuna aliyeuandika. Bila ulinganisho, itapotea hata ndani ya programu ya gharama kubwa.

Kuhusu akaunti. Fungua barua pepe ya biashara, si yako binafsi wala ya mhasibu. Akaunti ya programu isajiliwe kwa barua pepe hiyo, na namba ya kupokea msimbo wa kuthibitisha iwe ya simu unayolala nayo. Mhasibu muongeze kama mtumiaji mwenye ruhusa za kihasibu. Mdogo wako apewe ruhusa ya kuingiza mauzo na malipo, asiwe na ruhusa ya kufuta. Wauzaji kila mmoja na jina lake la kuingilia. Nimeona maduka mengi ambako nenosiri moja limeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani nyuma ya kaunta. Siku ankara ikifutwa, kila mtu anasema si mimi, na wewe huna pa kushika. Programu nzuri inahifadhi nani alifanya nini na saa ngapi, lakini haiwezi kukusaidia ikiwa watu saba wanaingia kwa jina moja.

Gharama uzihesabu kwa miaka mitatu, usizihesabu kwa mwezi. Tuseme programu ni dola 30 kwa mwezi. Kwa miezi 36 ni dola 1,080. Dola ikiwa shilingi 2,600, hiyo ni zaidi ya milioni 2 na laki 8. Na dola haitulii: mwanzoni mwa 2023 ilikuwa karibu shilingi 2,300, katikati ya 2024 ikawa imepita 2,600, na bei ya programu kwako ikapanda hata kama kampuni haikugusa kitu. Sasa upande wa kijana andika kompyuta mpya, maana ile ya stoo usiitegemee, UPS na betri zake, diski mbili, na mshahara wa anayeitunza. Ukiandika sifuri kwenye mstari wa mshahara kwa sababu ni mtoto wa nyumbani, hesabu hiyo si ya kweli. Akifanya kazi alipwe, na asipolipwa, siku ya kuharibika huwezi kumdai.

Nisisitize jambo moja kuhusu programu za kununua mara moja. Atakuja mtu na flashi yenye programu ya bei kubwa iliyovunjwa leseni, akuombe elfu hamsini. Usikubali. Faili za namna hiyo ni njia maarufu ya virusi vinavyofunga hesabu zako na kudai malipo, na huna wa kumpigia. Hata zile halali hazina uhakika wa kuishi milele: Intuit ya Marekani iliacha kuuza QuickBooks Desktop za Pro na Premier kwa wateja wapya huko kwao baada ya tarehe 30 Septemba 2024, ikawaelekeza watu kwenye ile ya mtandaoni.

Umesema unakopesha, kwa hiyo una majina, namba za simu, labda na nakala za vitambulisho vya NIDA vya wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na ina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Jina, namba na deni ndivyo vinavyohitajika kwenye programu. Nakala za vitambulisho usizipakie humo, ziache kwenye faili la karatasi lenye kufuli.

Kabla hujalipa hata senti, fanya jaribio. Kampuni nyingi zinatoa wiki mbili hadi mwezi wa kujaribu bure. Mwite mhasibu na kijana wakae meza moja. Waingize wateja wako kumi wenye madeni makubwa, ankara halisi za wiki moja, na mzigo mmoja wa nondo uliohamishwa kutoka Kahama kwenda Geita. Mdogo wako aingize malipo akiwa Geita kwa simu yake na bando la kawaida, nawe uyaone Kahama. Weka kiwango cha kawaida cha VAT cha asilimia 18 na uone ripoti inatoka vipi. Halafu mwambie mhasibu apakue kila kitu kwenye diski. Zima intaneti, fungua faili hizo kwenye kompyuta nyingine, na utafute deni la mteja mmoja humo. Ukilipata, na limetimia, programu hiyo inakufaa. Usipolipata, au akakuambia hilo mpaka uwaandikie kampuni, tafuta nyingine hata kama wateja wake wote wanaitumia. Kwa upande wa kijana jaribio lingekuwa hilohilo: afute seva, airudishe kutoka kwenye nakala mbele yako, na wewe unaangalia saa.

Programu haitakuambia kama ni milioni 3 na laki 4 au milioni 1 na laki 9. Ukiingiza takwimu zinazogombana, zitaendelea kugombana ndani ya kompyuta. Kwa hiyo kabla ya kuanza, toa orodha ya wadaiwa wote kutoka madaftari yote mawili, weka kwa kila mmoja malipo yake ya simu ya miezi yote ya deni hilo, kisha nenda kwa kila mteja mkubwa mkubaliane salio na asaini. Kazi hii mpe kijana, kwa malipo, maana inataka mtu mwenye subira ya kukaa na Excel. Chagua tarehe 1 ya mwezi usio na pilika nyingi, hesabuni mzigo wa maduka yote mawili jioni ya kuamkia siku hiyo, na salio hizo ndizo ziwe za kuanzia.

Miezi miwili ya kwanza endelea kuandika na kwenye kauntabuku, ulinganishe kila Jumamosi. Baada ya hapo ziache. Zile za zamani usiruhusu ziende kufungia misumari: zifunge kwa mwaka wake, andika tarehe juu, ziweke nyumbani mpaka miaka yake mitano ya kodi ipite.